Jiwe la Saa Kumi na Mbili na Dakika Saba

"Kubwa kama yai," aliniambia mara ya kwanza.
Nikamuuliza: yai la nani, Bi Eduviges?
La njiwa, la kuku, au la bata mzinga?
Akanyamaza. Nyuma yake nikasikia mawe
yakigonga bati kama watu wanaodai deni.
"Subiri, nichukue utepe wa marehemu, nikapime."
Nikamkataza. Utepe ungoje. Jiwe lingoje.
Radi ikisikika, hata kwa mbali,
uani si mahali pa mtu.

Ndivyo tulivyojuana:
mimi na rada yangu mjini Córdoba,
yeye na dirisha lake Pozo del Zorzal,
huko milima inakoficha mawingu mgongoni
kama mama aliyembeba mtoto mtukutu.
Rada huona barafu ingali juu.
Haioni imevunja vigae vya nani.

Alijifunza upesi, mjane huyu wa fundi cherehani.
Aliacha kuniletea "balaa", "kiama", "Mungu wangu".
"Saa kumi na dakika ishirini. Niko jikoni, mlango nimefunga.
Wingu latoka magharibi, tumbo la kijani,
limening'inia. Nimelitazama dakika tano.
Halizunguki."
Siku nyingine: "Giza. Sioni kitu. Sijui."
Nikaandika hivyo hivyo: haoni kitu, hajui.
Kutojua si aibu.
Aibu ni kulivika wingu mkia lisilokuwa nao.

Baudilio, jirani yake, alitaka picha.
Alitoka na sufuria kichwani, simu mkononi,
akicheka, akilifuata geti.
Kichwa kilipona. Bega halikuwa na sufuria.
Picha aliyorudi nayo ni ya kidole chake.

Kisha ikaja jioni ile ya Januari.
"Niko bafuni," alisema, "godoro kichwani, paka kwapani.
Sitazami. Nasikia tu."
Usitazame, nikamwambia. Kata simu. Utanieleza baadaye.
Akakata.

Saa nzima sikuwa na la kufanya
ila kutazama rangi ya zambarau kwenye kioo
ikipita polepole juu ya jina la kijiji chake.
Mimi, mwalimu wa kungoja,
nilitafuna kalamu mpaka wino ukanijaa mdomoni.

Simu ikalia.
"Radi ya mwisho ina nusu saa sasa, nimehesabu.
Nimevaa buti za marehemu, vioo vimetapakaa.
Paa la jikoni lilitoboka saa kumi na mbili na dakika saba.
Jiwe nimelikuta chini ya meza.
Sentimita kumi na moja. Nimepima mara tatu."
Liko wapi?
"Ndani ya jokofu. Nimelifunga mfukoni, nimeandika tarehe,
liko kati ya mkate na nyama ya Jumapili."

Wiki ya pili walikuja watu wa chuo kikuu.
Wakalikata katikati, na ndani
tabaka juu ya tabaka, jeupe, angavu, jeupe,
kama kitunguu kilicholimwa hewani.
Bi Eduviges aliinama, miwani puani.
"Lilikaa juu muda gani kabla ya kunijia?"
Wakatazamana, wale wenye shahada.
"Kwa kweli," mmoja akasema, "hatujui."
Bibi akanigeukia, akanigusa kiwiko:
"Andika hivyo hivyo."