Mafua ya Mwaka Themanini na Sita

Baba alivunja kabati la nguo la nyanya yake.
Mbao hizi, akasema, zimekauka miaka sabini,
besi ikizisukuma hazitatetemeka.
Mama akakuta makoti yake yamelazwa kitandani.
Akayahesabu. Akanyamaza.

Hapa Bydgoszcz baridi haibishi hodi.
Stoo ya viazi, chini ya ghorofa yetu, ndiyo karakana,
na mimi, Jagna, mhandisi mwenye cheti na muhuri,
cheo changu humo ni mshika tochi.

Baba alikuwa mwokaji mikate.
Koili aliisokota juu ya kifimbo cha kusukumia unga,
mizunguko mia moja na themanini, akihesabu kwa midomo,
kisha akaipima kwenye mizani ya mikate,
shaba ikalala pale pale palipolala chachu.

Amplifaya ya kwanza aliitwisha wufa mbili sambamba,
za omu nane nane, kutoka sinema iliyofungwa.
Alidhani nane na nane ni kumi na sita.
Kumbe sambamba zinafungua milango miwili:
omu zikabaki nne,
umeme ukamiminika kama wageni waliosikia nyama imeiva.
Muziki haukufika mwisho.
Kilichofika ni harufu.
Mama, kutoka ngazini: "Hiyo ndiyo besi?"

Ya pili ilikuwa ya taa, nzito kama ndama, wati sita.
Nikacheka. Sita!
Lakini ilikuwa na mlango wa omu nne na mlango wa omu nane,
ukichagua mlango wako haikugombezi,
na sikio halilali na njaa:
wati sita zilimlisha jirani wa ghorofa ya tatu, akagonga bomba.

Ikaja krosova.
Ubao mdogo kuliko sahani, na ndio kadhi wa mirathi:
nzito apewe wufa, nyembamba apewe twita,
mpaka uwe hetsi elfu mbili na mia tano.
Twita, mdogo mwenye kelele, akafungwa rezista mdomoni
ili kaka yake naye asikike.
Haki ikatendeka, ila kila mirathi ina shamba la mpakani,
wote wawili wanalidai,
hakuna anayelilima.

Tulilijua shamba hilo kwa utepe wa Mama.
Miaka ishirini na tisa alitangaza treni kituoni.
Siku mashine mpya ilipofungwa kibandani walirekodi jaribio,
Baba akauomba utepe, akautunza ndani ya mfuko wa mkate.
Sasa akauweka.
Inowrocław. Toruń. Piła.
Sauti ilikuwepo; Mama hakuwemo.
Juu palikuwa na ncha za ulimi, chini palikuwa na kifua,
katikati, mahali mtu anapokaa,
shimo.

Wiki tatu alibadilisha kapasita.
Viazi vikaanza kuota.
Mshika tochi akasema: Geuza waya za twita.
"Chanya iende kwa hasi?"
Chanya kwa hasi.
Alinitazama kana kwamba nimemwambia aoke mkate kabla ya kuukanda.
Baba, pale mpakani mmoja anasukuma, mwenzake anavuta,
hewa haijui imtii nani, inakaa kimya.
Akashusha pumzi. Akashika chuma cha kulehemu.
Waya mbili. Moshi mwembamba.

Tukazipandisha hadi sebuleni, moja moja, kama majeneza ya watoto.

"Treni ya kwenda Piła, jukwaa la tatu…"
Na Mama akatoka jikoni na mwiko unadondosha supu,
kwa sababu alikuwa ameitwa na mtu anayemfahamu.
Yote ilikuwemo: mate, pumzi, karatasi ikigeuzwa,
na "m" zake, tazama, zimeegemea "b",
pua imeziba.

"Bogumił," akasema, "siku hiyo nilikuwa na mafua.
Nilimwambia mkuu wa kituo mimi mzima.
Makaa yalikuwa yametuishia. Kibandani kulikuwa na joto."

Baba alikuwa ameusikiliza utepe ule miaka yote hiyo.
"Hukuniambia."
"Ulikuwa unatoka kuoka saa tatu asubuhi. Ulikuwa unalala."

Utepe ukaisha, ukawa unapiga mkia wake, tap, tap.
Hakuna aliyeuzima.
Mama akapitisha kiganja juu ya mbao,
akaona tundu la kitasa cha zamani, lililozibwa kwa gundi.
"Nzuri," akasema.
"Sasa makoti yangu yatakaa wapi?"