Mwamba Ngozi

Kibanda changu kiko nje ya mji, upande upepo unakoondokea;
ndivyo sheria itakavyo, watu wa Lodi wasiinuse riziki yangu.
Nanuka chokaa, magome ya mwaloni, kinyesi cha mbwa.
Mke wangu Shelomzioni alinizoea mwaka wa tatu.
Mimi Zabdi sikusoma,
lakini hakuna neno takatifu mjini hapa
ambalo halikupita kwanza mikononi mwangu
likiwa bado kondoo.

Jana walikuja wawili, kila mtu na njia yake.
Yehozadaki, kuhani asiye na madhabahu,
kovu la kisu limelala kwenye kidole gumba;
miaka thelathini tangu Hekalu liungue,
na mkono wake wa kulia bado huamka alfajiri kabla yake.
Na Nehunya mwandishi, kucha nyeusi kwa wino,
aliyezaliwa majivu yameshapoa.
Wote wakaitaka ngozi moja, ya kondoo jike wa Modini.

Mzee akasema:
"Asubuhi mmoja, jioni mmoja, chumvi isisahauliwe,
mafuta ya figo yaende juu.
Aliyehesabu hadi figo, utaniambia hakutaka?"

Kijana akasema:
"Na gombo jingine lasema siku ya kutoka Misri
hakuna aliyedaiwa moshi.
Mwenye ng'ombe wa milima yote
hapigi hodi kwetu kuomba nyama."

"Basi alitutania lini? Alipoagiza, au alipokana?"

Kijana akanyamaza. Nilisikia inzi.
"Kuna zaburi moja," akasema polepole,
"inasema hapendi sadaka,
na kabla haijaisha inamwahidi mafahali.
Nilipoinakili nilidhani nimesinzia.
Nikarudi juu, nikasoma tena kwa kidole."

Mimi nakwangua tu.
Husemwa mwamba ngozi huvutia kwake.
Aliyesema hivyo hakuwahi kuwamba.
Ukiivuta upande mmoja, inachanika;
ukiiachia, inajikunja kama mtoto mwenye homa.
Hunyooka, ikakubali wino,
pale tu kamba za kulia zinapogombana na za kushoto.

Hilo sikulisema. Nani amsikilize mnuka chokaa?
Nilichosema ni hiki:
"Mwanangu, hilo neno kwamba hataki kondoo,
utaliandika juu ya nini?"

Mzee akacheka, akapiga paja.
Kisha kicheko kikamwishia njiani,
akakaa juu ya pipa langu bila kukaribishwa.

"Alikuja mwanamke," akasema, "katoka Yeriko kwa miguu.
Mwana-kondoo hakumudu; alileta njiwa wawili kwenye kikapu cha tini.
Mmoja nilimshika vibaya. Akaponyoka,
akapaa juu ya ukuta, juu ya walinzi, akaenda.
Mwanamke akaniangalia mimi, wala hakumwangalia njiwa.
Hakuwa na sarafu nyingine.
Nikamwambia: imepokelewa."

"Imeandikwa wapi?" akauliza Nehunya.

"Hakuna gombo. Nimetafuta."

Tukakaa. Pipa likatoa povu.
Niliona kijana anataka kuuliza jambo
na mzee anaomba asiulizwe.

Mwisho ngozi akaichukua Nehunya,
na nusu ya bei akalipa Yehozadaki, kwa hasira,
akihesabu sarafu kama mtu anayepoteza kesi.

Nikawaonyesha kasoro, maana siibi:
tundu la kupe, dogo kama dengu, karibu na bega.
Alipoumwa pale alikuwa hai, analisha.
"Hapa wino hautashika," nikasema. "Nitapunguza bei."

Kijana akaiinua ngozi kwenye mwanga,
akachungulia kwa jicho moja, akaniona mimi upande wa pili.
"Acha," akasema. "Nitaliruka.
Neno litaanza huku, limalizikie kule.
Atakayesoma atavuka."