Kipimo

Rula ya mianzi bado iko kwenye droo ya jikoni,
hapa Daegu, kati ya betri zilizokufa na mipira ya kufungia mifuko.
Ina mstari wa wino mwekundu
alioupiga Baba kwa mkono wake mwaka alioingia polisi:
sketi ikiupita huu kwenda juu, ni kesi.

Alisimama mlangoni pa soko la Seomun,
rula kwapani, mkasi mfukoni
kwa ajili ya wavulana walioficha masikio kwa nywele.
Wasichana walimwona kwa mbali,
wakajichomeka kwenye vibanda vya vitambaa,
wakavuta pindo chini, wakabana pumzi,
kana kwamba pumzi ndiyo iliyorefusha paja.
Ili apime, ilimlazimu apige goti.
Kijana wa miaka ishirini na mitatu, magoti vumbini,
macho ameyageuzia kwenye mizani ya muuza pilipili,
akisoma namba kwa vidole.

Mama alipimwa mara moja tu.
Watu wakitaka hadithi tamu huwanyima:
"Alinitoza faini, nikalipa. Basi.
Miaka miwili baadaye mshenga akaleta picha.
Nikasema, huyu namjua, ana mikono ya baridi."

Naye mama yake Baba,
aliyekwenda kaburini na vifundo vya miguu yake kama siri,
alinyonyesha watoto saba ndani ya treni ya Busan,
titi nje mchana kweupe, kama birika mezani,
na abiria wakamwomba asogee tu, wapate pa kuweka mizigo.

Mimi nilipimwa nywele.
Sentimita tatu chini ya sikio,
Mwalimu Gwak na kitana chake cha chuma, kila Jumatatu.
Nikaapa nikizaa sitapima mtu.

Harin ana miaka kumi na tisa.
Juzi alitoka chumbani na kikaptula
kifupi kama jibu la mtu aliyekasirika.
"Unatoka hivyo?" nikasikia,
nikageuka kutafuta nani kasema.
Hakujibu. Alinisogelea, akanitazama kifuani,
akanifunga kifungo cha juu cha blauzi.
"Mama, jamani. Watu wanaona."

Jumanne tulimpeleka Baba hospitali kupimwa utumbo.
Walimvua vyake, wakampa gauni la kufungwa kwa kamba mgongoni.
Vidole vyake havifungi tena kamba.
Akatoka nyuma ya pazia, akaanza safari ya korido,
mzee wa miaka sabini na minne,
mbele heshima, nyuma kila kitu.
Wauguzi walikuwa na haraka.
Bwana mmoja kwenye benchi aliinamia simu yake, akaendelea kuinama.
Mimi nilisimama. Nilijua la kufanya, nikasimama,
maana hakuna aliyenifundisha namna ya kumwona baba yangu.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako.
Hawakumwona Harin
akivua koti lake la jinzi, akabaki na kile kifulana cha kitovu wazi
katikati ya baridi ya korido,
akapiga goti nyuma ya babu yake,
akamfunga kiunoni kwa mikono ya koti, akakaza fundo.
"Twende, Babu."

Hakusema asante; si mtu wa asante.
Ila alipofika mlango wa chumba cha vipimo
alipeleka mkono nyuma, akalishika koti pindoni,
akalivuta chini kidogo.
Akabana pumzi.