Somo la Kukata Simu

Meza yangu iko Katumba, pembeni ya soko,
kati ya muuza ndizi na fundi cherehani.
Nabadilisha vioo, nauza chaja,
na siku za mvua, yaani karibu siku zote,
wazee huniletea simu zao
kama watoto walioamka na homa.

Bibi Atupakisye alikuja Jumanne,
kitochi ndani ya mfuko wa nailoni,
mfuko ndani ya soksi.
Simu haina ubovu, alisema.
Ubovu uko kwa kijana anayepiga kila saa nne,
kikapu changu cha chai hakijafika nusu,
ananiuzia bima ya matibabu:
kifurushi cha dhahabu, kifurushi cha almasi,
kitanda cha peke yangu, hata ndege ya kunibeba.
Na kwangu mimi, mvua ikishika,
hata bodaboda haifiki.

Nikamuuliza, kwa nini hukati?
Akanitazama kama nimetema mate kanisani.
"Ananiamkia. Anasema shikamoo bibi.
Utamkatiaje simu mtoto aliyekuamkia,
marahaba ikiwa bado mdomoni?"

Hapo ndipo penye mlango wao.
Wamefundishwa, huko kwenye viti vinavyozunguka,
kwamba mzee wa huku hamfukuzi mtu
kabla hajajua amelalaje,
na kwamba *ugonile* moja
ina majibu marefu kuliko salio.

Nikachana boksi la sabuni.
Nikaandika kwa kalamu nene:

MARAHABA. SIHITAJI. USIPIGE TENA.
NAMBA YA SIRI HAITAJWI, HATA KWA MCHUNGAJI.
KITAMBULISHO KIKO SANDUKUNI, KIKAE HUKOHUKO.
KITUFE CHEKUNDU SI DHAMBI.

Tukafanya mazoezi. Mimi nikawa kijana wa bima.
"Shikamoo bibi, habari za magoti?"
"Marahaba. Magoti, mwanangu, hasa la kushoto,
tangu masika yale daraja lilipoondoka..."
"Bibi!"
"Sihitaji," akanong'ona,
kama anayekataa chakula msibani.
Muuza ndizi alicheka mpaka akakosea chenji.
Mara ya sita akabonyeza,
halafu akaiinamia simu iliyokwisha kufa,
akaiambia: ndaga, mwanangu, ndaga.

Alhamisi akarudi, boksi kwapani.
Amepiga?
Kapiga.
Ukasoma?
"Miwani iliingia ukungu."

Akanisimulia akiwa amesimama,
maji yakimdondoka kwenye pindo la kitambaa.
Alimwacha kijana amalize dhahabu yake,
amalize na almasi,
kisha akamuuliza swali moja tu:
Mama yako, mwanangu, yuko kifurushi gani?

Kimya.
Anasema alisikia feni,
na nyuma ya feni watu wengi
wakisema shikamoo kwa pamoja, kila mmoja kwa bibi yake.
Halafu sauti ikarudi, ndogo,
imevuliwa koti la kazi:
Hana, bibi. Yuko Ileje. Anaumwa mgongo.

"Nikamwambia, basi anza na yeye.
Nikabonyeza chekundu.
Sikuomba radhi safari hii."

Leo ni siku ya tano, saa nne imepita kimya.
Boksi ameniachia, nimpe mwingine;
nimeliegemeza kwenye kioo cha meza
na wazee wawili wameshaomba nakala,
mmoja hajui kusoma, anataka tu
alitundike pale simu inapochajiwa
kama watu wanavyotundika picha ya harusi.

Nilikuwa nacheka bado
bibi alipoikunja soksi yake taratibu,
akaisukuma kifuani, akaniuliza:
"Na wewe, fundi. Wako?"

Nikainama chini ya meza,
nikajifanya natafuta bisibisi.