Tone la Mate

Jumapili, nyuma ya magodauni ya Kariobangi,
lami bado ina umande na mafuta ya juzi.
Nimeliweka gari chini: refu kama mkono wangu
toka kiwiko hadi kucha, bodi imepasuka ubavuni,
na injini yake ingeenea ndani ya kikombe cha chai.

Inawaka kwa mvuto wa pili.
Onserio anapiga mluzi. "Sikia hiyo!"
Nasikia. Sauti nyembamba, bati likikatwa kwa msumeno,
na kwenye ekzosi hakuna moshi
hata wa kumfukuza nzi.

Inakwenda. Mungu wangu, inakwenda.
Inapita mapipa, inapita ukuta wa mawe,
naachilia kidole kwenye rimoti
na mlio haushuki, unabaki juu kwa juu
kama mtu aliyesahau alichokuwa akilalamikia.
Kisha kimya. Gari linajisukuma kwa kasi iliyosalia
hadi kwenye dimbwi.

Waliosema debe tupu haliachi kuvuma
hawakuwahi kuisikia injini tupu.

Sina kipimajoto. Nalowesha kidole kwa mate,
nadondosha tone juu ya kichwa cha silinda
na kuhesabu, kama alivyonifundisha Mutinda
kabla hajaenda Doha akaniachia sanduku hili:
moja, mbili, tatu, nne,
tone lichemke polepole, hapo ni mzima.
Leo sikufika moja.
Tsss. Limekwenda kama mshahara.

"Usiiguse, Kerubo," asema Onserio.
"Haijawahi kukimbia hivi."
Ndiyo shida yenyewe.
Mafuta haya si chakula chake tu,
ni ute wa magoti yake pia.
Ukiyapunguza inapata wepesi wa ajabu,
na huo wepesi ni chuma kinachokula chuma.

Naifungua sindano robo mzunguko, si zaidi:
hewa ya huku juu ni nyepesi, Mutinda alionya,
Nairobi haitaki bisibisi ya Mombasa.
Nawasha. Inatoa moshi, inatulia, nacheka mapema.
Dakika haijaisha, inapaa tena peke yake.
Robo nyingine. Vilevile.
Nikiongeza, inakabwa; nikisubiri, inapiga yowe.
Basi sindano haina kosa.
Kuna mahali inavuta hewa kwa wizi.

Nazima, naifungua.
Kichujio safi. Waya wa plagi umefifia, kijivu cha mfupa.
Mama Akeyo wa maandazi ananiazima beseni,
anauliza, "Unaogesha nini hapo?"
Nazamisha tangi, naziba huku, napuliza kule.
Hakuna kitu.
Nazamisha mpira wa mafuta, urefu wa kidole,
nakunja, napuliza
na pale unapovaliwa kwenye kabureta
kiputo kimoja kinapanda. Halafu kingine.
Ufa usioonekana hata nikiujua ulipo.

Nimepiga magoti nautazama kuliko inavyohitajika.
Tangu Ijumaa niko zamu ya usiku kwenye tanuri la mikate,
na wiki nzima msimamizi amenisifu:
Kerubo ana mbio, Kerubo hachoki.
Mchana silali. Sauti yangu imekuwa juu,
dada yangu aliniambia kwenye simu, nikamkatia.

Nakata kipande kibovu kwa wembe, navalisha upya.
Injini inawaka kwa mvuto wa nne, kwa uvivu,
na uzi wa moshi mweupe unaifuata hadi ukutani
na kurudi nayo.
"Umeiharibu," asema Onserio. "Imekuwa nzito."
Labda. Mlio umepata kifua.

Nalowesha kidole.
Moja. Mbili.
Mama Akeyo amesimama juu yangu, andazi kwenye karatasi,
anataka beseni lake, anataka kujua
kama nimetia kitu tumboni tangu jana.
Subiri kidogo, mama.
Tatu, na tone bado lipo.