Safu ya Tatu

Fomu ilitoka Wete, imepigwa chapa vizuri, safu tatu:
jina la kitaalamu, jina la kienyeji, asili ya jina.
Nikaingia nayo Ngezi mvua ya kwanza ya masika imekatika alfajiri,
njia ya Makangale ingali inafuka mvuke,
mimi na kalamu yangu ya wino mweusi
na viatu visivyofaa.

Mti wenyewe hauna makuu.
Ungepita usiuone: kichaka, kimo cha mtu na nusu,
majani kama majani.
Pua ndiyo iliyosimama kwanza, miguu ikatii.
Ua limeinama, limeutazama udongo
kama mwari aliyeulizwa jambo mbele ya wageni,
petali nene, rangi ya samli iliyoganda.

Safu ya kwanza nikafungua kitabu cha wataalamu.
Nilitaraji Kilatini kirefu, cha kuvunja ulimi.
Nikakuta: Mkilua.
Nikafunga, nikafungua tena. Mkilua.
Wenye darubini na karatasi za kukaushia
walipofika hapa waliishiwa maneno,
wakaazima letu.

Ya pili: mkilua. Hiyo haikutaka kitabu.

Ya tatu, kitabu kinasema: neno la Waswahili.
Haya, nikaenda kwa Waswahili.

Bi Mize binti Faki yuko uani, anafunga vikuba vya harusi ya Konde,
mrehani huku, asumini huku, uzi kaubana kwa meno.
"Kilua kwa nini kikaitwa kilua?"
Akautoa uzi.
"Na wewe kwa nini ukaitwa Shaame?"
"Kanipa babu."
"Yeye kalitoa wapi?"
Sijui.
"Basi andika hivyo hivyo."

Mkubwa Hamadi akadakia kutoka upenuni:
"Kiliua! Kilimwua mtu, alifuata harufu usiku hakurudi,
ile i ikaanguka njiani, midomoni mwa watu."
"Muongo huyo," kasema Bi Mize. "Anataka aandikwe."

Kisha akanyamaza, vidole vikienda peke yao.
Mamake, alisema, alipofuka mapema, mtoto wa jicho.
Nguo alizijua kwa kugusa, wajukuu kwa vishindo.
Lakini kilua kikipita mlangoni, kichwani mwa mtu yeyote,
alikuwa akikitaja mwenyewe, polepole,
vile unavyomwita mtu ambaye huna hakika
kama ndiye.
"Sijui asili. Najua lilivyokuwa likisemwa."

Akanitilia kimoja kiganjani.
Sikuwa na mfuko. Nikakikunja ndani ya fomu.

Juma la pili simu ikalia, bwana wa Wete, sauti ya ofisini:
safu ya tatu haina maandishi, ina doa la hudhurungi,
limepenya mpaka kwenye faili la minazi.
Doa la nini hili?

Nikamwambia anuse.