Daftari la Alama

Mimi ndiye ninayekaa mezani, pembeni ya uwanja,
na penseli yangu na kengele tuliyoazima kanisani.
Nani kafunga, nani kafanya madhambi,
dakika ngapi zimebaki: ndiyo kazi.
Mwaka wa tisa huu, hapa chuoni Tabora,
mistari ya sakafu ikifutika, ikichorwa, ikifutika,
na daftari halijawahi kuniuliza bei ya mtu.

Ukurasa wa thelathini na moja, mwaka jana:
sisi hamsini na nane, wale wa Mwanza hamsini na sita.
Nilivunja ncha nikiandika ile sita.
Jezi namba kumi na moja, Ntahondi, mtoto wa Kasulu,
aliyeshuka na treni ya Kigoma
akiwa na begi moja na migebuka mikavu ndani ya gazeti.
Mpira uligonga chuma sekunde ya mwisho.
Akaudaka juu kwa juu, akaurudisha kikapuni
kama mtu anayerudisha kikombe kabatini.

Tulimlipa nini?
Sahani ya pili ya wali siku ya mechi,
michembe ya mama Nyamizi, makofi,
jina lake kuimbwa kutoka hosteli mpaka Cheyo.
Mkuu wa chuo alimpa mkono.
Mkono wenyewe mtupu.

Januari likaja gari jeupe.
Muuza mabati, mpenzi wa chuo kile kingine:
ada yote, chumba chenye feni, viatu pea mbili,
na laki tatu kila mwezi.
Mhasibu wetu alicheka. Kisha akaacha kucheka.

Ntahondi alikuja kuaga hapa mezani, kwa kocha hakwenda.
"Mama anadaiwa mbolea," akasema,
"na magoti haya yana miaka mitano, sita ikizidi."
Nililitafuta neno usaliti mdomoni.
Nikaishia kumwambia: kamba ya kiatu imefunguka.

Jumamosi iliyopita alirudi na jezi ya bluu.
Wako kumi na wawili, na wa kumi na mbili
kwetu angekuwa nahodha.
Yupo yule mrefu wa Shinyanga, yupo yule wa Musoma
mwenye mkono wa kushoto;
wanakaa benchi wanamenya karanga,
wamelipwa ili wasicheze kwingine.
Robo ya tatu, mashabiki wakakumbuka kuwa wana nguo za kuanua.
Tisini na moja kwa arobaini na nne.
Zamani tulisema mpira unadunda.
Siku hizi naweza kuandika matokeo Ijumaa
nikalala Jumamosi.

Ningependa kuwalaumu.
Lakini nikifunua ukurasa unaofuata nakuta Urambo,
na huyu Mihayo wetu, anayetupa kutoka mbali
kama anayemwagia kuku mtama,
alikuwa wao hadi Machi.
Tulimpata kwa godoro, ada ya muhula mmoja
na baiskeli ya mtumba.
Hatukusema usaliti. Tulisema kuimarisha kikosi.
Watakuja saba, juu ya lori la tumbaku,
namba mgongoni zimechorwa kwa kalamu ya wino.
Tutawazidi arobaini, au zaidi.
Kalunde, kocha wao, atainama hapa mezani,
atasaini bila kusoma.

Ile kumi na moja anaivaa Nkwabi sasa, wa mwaka wa kwanza.
Inamfika karibu na magoti.
Jana jioni wote walipokwenda kula
nilimkuta peke yake, anatupa.
Chuma. Chuma. Ubao. Hewa tupu.
Nilihesabu kwa mazoea tu.
Wa nane ukapita katikati, pete haikusikia.

Daftari halina safu ya kitu kama hicho.
Nikaandika pembeni, herufi ndogo sana, kwa penseli,
halafu nikatazama getini
kama kuna gari.